Nyumba Iliyompita Chifu Kimo

Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa wizi. Anaweza kusamehewa ulevi, uvivu, hata kutoroka na mke wa binamu yake, ilimradi alete jino la nyangumi na ainamishe kichwa. Lakini akishaitwa viavialevu ameharibikiwa, kwa sababu mtu haambiwi neno hilo usoni akapata nafasi ya kujitetea. Linasemwa akishapita, kwa sauti ya chini, msemaji akiendelea kumenya magimbi yake. Kufika jioni kijiji kizima kimeshalipitisha.

Maana yake ni mtu anayetaka ukubwa asio nao. Mtoto akikatiza kijijini na kofia kichwani, viavialevu. Kijana aliyerudi kutoka mjini Suva akiulizwa kwa lugha ya mama yake naye akajibu Kiingereza, viavialevu. Mwanamke akipita wima mbele ya wazee walioketi, badala ya kuinama na kuomba njia, huyo hata hasubiriwi afike kwake. Chifu peke yake ndiye ambaye neno hilo haliwezi kumshika, maana yeye ukubwa hautaki; anao. Watu wanaona hiyo ni haki tupu. Ulamila aliiona kama mizani iliyopindishwa upande mmoja, ila kwa miaka mingi alinyamaza. Mchuuzi hagombani na mizani ya soko. Anachunguza tu inadanganya kiasi gani, kisha anapanga bei yake.

Alizaliwa visiwa vya Lau, ambako ardhi ni haba na watu wanajua kuuza. Akaolewa Nukuvatu, pwani ya kisiwa cha Vanua Levu, kwa Isimeli wa ukoo wa wavuvi, mtu mpole mwenye maneno machache, anayecheka kwa mabega kabla ya mdomo. Ukoo wa wavuvi kazi yake tangu mababu ni kumpelekea chifu kasa na samaki wa kifalme. Hawakai mbele kwenye mikutano wala hawasemi kabla ya kusemeshwa. Isimeli aliridhika na nafasi yake kama mtu anavyoridhika na mto wake wa kulalia. Ulamila akatafuta pesa.

Alianza na mafagio ya njiti za makuti, akaingia kwenye yaqona, mizizi inayotwangwa na kukandwa na maji ikawa kinywaji cha heshima na cha maongezi. Wakati huo wanaume wa milimani walikuwa wakiteremsha mizizi yao wenyewe hadi mjini Savusavu, wakikaa huko mpaka faida yote waikande na maji na kuinywa. Ulamila akawafuata juu huko huko. Akanunua mizizi ikiwa bado na udongo, akaiosha, akaianika juu ya mabati, akaichambua: minono kwa wanunuzi wakubwa, ya wastani kwa maduka, vumbi kwa wasiojua. Alilipa chini ya bei ya mjini, lakini alilipa papo hapo na hakugusa mizani.

"Ukimpunja mtu uzito, anakukumbuka wewe," alikuwa akisema. "Ukimpunja bei, anajilaumu mwenyewe."

Sukari ikamla Isimeli mguu wa kulia. Hospitali wakaukata chini ya goti, na uliposhindwa kupona wakaukata juu ya goti. Kisha kikaja kimbunga kile kikubwa, na nyuma yake bahari. Ulamila alimpandisha mumewe juu ya meza. Meza ilipoanza kuelea akamkumbatia kwa nyuma, akamkandamiza kwenye nguzo ya katikati, mpaka maji yalipochoka yenyewe yakarudi. Nyumba ilikwenda, meza ilikwenda, na mizizi yote iliyokuwa inasubiri lori ilikwenda. Ilibaki nguzo na wao wawili.

Siku ile aliamua, na yeye hakuwa mtu wa kuamua mara mbili: nyumba ijayo, bahari itapita chini yake.

Sasa, huchimbi shimo la nguzo kwetu bila kupeleka yaqona kwa chifu na kuomba. Ulamila alitayarisha fungu la mizizi minono, akamfundisha mumewe maneno.

"Utasema tunaomba kujenga. Basi. Usiongeze."

"Na urefu?"

"Wakiuliza utawaambia."

Isimeli alibebwa hadi kwa chifu, akasema tunaomba kujenga. Mzee Ropate, msemaji wa chifu, akapokea kwa maneno yake marefu mazuri, waliohudhuria wakapiga makofi, yaqona ikakandwa, ikanywewa. Hakuna aliyeuliza urefu. Ulamila aliondoka pale akijua kabisa alichokificha, na akijiona hana kosa. Sokoni, mnunuzi asiyeuliza amekubali.

Fundi alikuwa Sekaia. Yeye na Ulamila walikuwa watani, maana watu wa kisiwa chake na watu wa kwao Ulamila wanatokana na mzimu mmoja, na waliotoka mzimu mmoja wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana kuku, na mengine yanayozidi hapo.

"We mwanamke wa Lau," Sekaia alimwuliza alipoona nguzo za vesi, mti mgumu usiooza, zikishushwa kwenye lori, "hizi ni za nyumba au za mnara? Au umepatamani kwenu, unataka uwe unapachungulia?"

"Piga kazi, mla popo."

"Napiga. Ila wenye kijiji chao watakuita viavialevu."

"Wamekwambia?"

"Nani akuambie? Nakwambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeruhusiwa kukutukana."

Ulamila akacheka, akamrushia ganda la muhogo. Hapo ndipo hesabu ilipomchenga. Ukweli hupita kwa watani ukiwa umevaa nguo ya mzaha, na yeye, aliyezoea kukwaruza udongo kwenye mzizi apate kuona rangi yake, siku ile alitazama nguo tu.

Wanaume wa kijiji walikuja kusaidia kuinua nguzo. Walikula samaki wa tui la nazi, wakasifu mbao, wakasifu mpishi. Sakafu ilipowekwa ilikuwa juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyesema neno. Mabati ya mwisho yalipopigwa misumari, wakanawa mikono, wakashukuru, wakaenda zao, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga ngazi.

Nyumba ya chifu, Ratu Kiniviliame, imekaa juu ya tuta la mawe lililojengwa na babu wa babu zake. Kijijini hakuna kilichokuwa juu kuliko tuta lile, ukiacha minazi na kanisa. Sasa palikuwa na baraza la Ulamila. Ukikaa pale unaona nguo za ndani za mke wa chifu kwenye kamba. Chifu akitoka asubuhi kupiga mswaki, Isimeli wa ukoo wa wavuvi alikuwa ameketi juu ya utosi wake.

Loata, dada yake Isimeli, alikuwa akileta chakula karibu kila siku. Dada na kaka wakishakua hawasemezani kwetu, ni mwiko, kwa hiyo hata zamani maneno yake kwa kaka yake yalipitia kwa wifi. Lakini zamani angalau aliingia ndani. Sasa alisimama chini ya ngazi na sufuria yake.

"Wifi, pokea. Mwambie mwenye nyumba ni samaki wa kuchemsha, sikutia chumvi."

"Panda ukamwekee."

"Magoti yananiuma."

"Jumapili nilikuona ukipanda kilima cha kanisa unaimba."

"Kile kina Mungu juu yake," Loata alisema, akaweka sufuria kwenye ngazi ya kwanza.

Wanaume waliokuwa wakinywa yaqona na Isimeli kila jioni walihamia kwa Jeremaia, nyumba ya tatu. Kutoka barazani alisikia vicheko vyao na mlio wa kipande cha bomba wakitwanga mizizi. Kushuka peke yake hakuweza. Kushushwa na mkewe mara mbili tatu alikubali, lakini alipofika kwa Jeremaia maongezi yalikauka, watu wakaanza kuangalia anga na kusema mvua itanyesha. Akaacha kwenda. Alikuwa salama kule juu, salama kama gunia lililopandishwa ghalani panya wasilifikie.

Kidonda kikatokea kwenye mguu uliobaki. Muuguzi wa zahanati aliyekuja na boti alikikagua, akamvuta Ulamila pembeni, akasema alilosema. Isimeli hakuuliza wamesema nini. Aliuliza jambo jingine.

"Nikifa, nani atapanda kunichukua?"

"Utashushwa."

"Na nani? Wewe na Sekaia? Mtanifunga kamba mniteremshe kama mzigo wako wa mizizi?"

"Usiongee hivyo."

"Naongea biashara, mama. Wewe si unapenda biashara." Mabega yakatikisika, lakini kicheko hakikufika mdomoni. "Mimi sitaki kingine. Nataka nibebwe na watu wangu."

Ulamila alilielewa hilo. Maiti huku huchukuliwa na ukoo wake, mikeka ya chini yake hutandikwa na dada zake, kaburi huchimbwa na wale ambao kuchimba ni haki yao. Mtu akibebwa na vibarua ni kana kwamba alipita tu hapa akielekea kwingine. Isimeli hakuwahi kuelekea kwingine maisha yake yote.

Akaenda Savusavu, akatafuta jino la nyangumi, akaligeuza, akalikwaruza, akalikataa, akarudi, akamchosha mwenye duka mpaka akaliachia. Mwanamume wa ukoo wa kulitoa hakupatikana. Ghafla kila mmoja alikuwa na shamba la kupalilia. Akalitoa mwenyewe, amepiga magoti upande wa chini wa nyumba ya chifu, kichwa karibu na mkeka. Alisema amekosa. Alisema hakujua, na hapo alidanganya. Ratu Kiniviliame, mzee mnene mwenye macho mabovu, alilipokea jino kwa mikono miwili, akalishika kwa muda, akamkabidhi Ropate.

"Limepokelewa," Ropate akasema. "Yamekwisha."

Mtu mwingine angepiga makofi akaondoka. Ulamila hakuwahi kuondoka kwenye biashara bila kujua amenunua nini.

"Mzee, niwekee wazi. Nikiziba baraza kwa mabati, lisitazame huku?"

"Yamekwisha, mama."

"Au ngazi niigeuze upande wa mlima?"

"Ulamila, hapa si sokoni. Jino limepokelewa."

"Basi watu watapanda?"

Ropate akatazama mkeka. "Mimi namsemea Turaga, bwana wetu chifu. Miguu ya watu siisemei."

Na kweli hawakupanda. Loata alikuja na sufuria yake, akaiweka palepale.

"Si nimesamehewa?" Ulamila alimwuliza kutoka juu. "Kijiji kizima kimesikia."

"Umesamehewa wewe, wifi. Nyumba haijaomba radhi."

Ulamila alikaa barazani mchana mzima akipiga hesabu. Upande mmoja bahari, ambayo huenda ikaja au isije. Upande mwingine mume, ambaye kufa kwake hakukuwa na huenda. Alipima hivyo, kwa moyo mkavu, na mzani ukalala upande mmoja. Sijui mtu angepima vipi vingine.

Sekaia akaitwa. Alizunguka chini ya nyumba akizigonga nguzo kwa kisigino cha mkono.

"Vesi hii ingewazika wajukuu zako," alisema. Siku hiyo hakumtukana, na Ulamila akajua jambo ni zito. "Una hakika?"

"Leta jeki."

Zilipoletwa jeki na magogo, walitokea wanaume wote wa kijiji bila kualikwa. Jeremaia alikuja na wanawe. Walikata nguzo kidogo kidogo, upande huu na upande ule, wakiishusha nyumba juu ya magogo, wakihesabu kwa wimbo kama wanaovuta mtumbwi. Isimeli alikataa kutolewa. Aliketi mlangoni kwenye mkeka wake, akishuka pamoja na sakafu, na kila iliposhuka alizidi kuwa karibu na nyuso za watu.

"Isimeli, kumbe una mvi!" Jeremaia alimwambia. "Huku chini tulikuwa tunaona nyayo tu. Tena moja."

Watu wakacheka mpaka magogo yakatikisika. Isimeli alicheka kwa mabega, kwa mdomo, kwa machozi. Sakafu haikuwa imefika chini bado walipoanza kuingia, wakipita dirishani, na Loata akapita katikati yao na sufuria, akaiweka ndani, mahali pake. Yaqona ilinywewa hapo hadi jua likazama. Chifu mwenyewe alipita njiani, akasimama, akatikisa kichwa kuelekea mlangoni, na kila mtu akaona.

Ulamila aliwahudumia wote. Alitazama sakafu yake, ambayo sasa mbwa angeweza kuikanyaga bila kuruka, akajisemea kwamba ameuza kwa hasara, lakini amelipwa papo hapo.

Miezi iliyofuata Isimeli hakukaa peke yake hata siku moja. Muuguzi alishangaa kidonda kimenywea. Huenda ni dawa. Yaqona ilitwangwa kwao, kadi zilichezwa kwao, ugomvi wa mipaka ya mashamba uliletwa kwao usikike. Kama mambo yangeishia hapo, Ulamila angeyaandika upande wa faida.

Ilipofika Februari redio ikaanza kutaja kimbunga. Wenye nguvu walipanda na watoto shuleni, juu mlimani, siku moja kabla. Isimeli alikuwa mzito, na wanne waliotaka kumbeba aliwaambia wangoje kupambazuke. Kulipopambazuka kijito cha njia ya shule kilikuwa kimeshafurika na daraja halionekani. Waliobaki kijijini wote wakahamia kwenye tuta la chifu. Mchana, upepo ukiwa umeanza kung'oa mabati, Ropate mwenyewe alikuja akasimama chini ya mvua kama mtu wa kutumwa.

"Turaga anasema mleteni Isimeli."

"Nimesikia, nashukuru," Isimeli alisema. "Mwambie nashukuru sana. Nitakaa hapa."

Ropate alidhani upepo umempotezea maneno. Aliyarudia. Isimeli naye akarudia yake. Ropate akamtazama Ulamila, akarudi mbio kwenda kupeleka jibu.

Ulamila akafunga mlango kwa mgongo wake. "Una wazimu?"

"Nitakaaje mle, mama? Mguu huu haukunji. Nitalala chali, wayo umeelekea uso wa Turaga, kidonda kinanuka nyumba nzima. Mvuvi amelala kwa chifu kama yuko kwake."

"Yeye ndiye aliyekuita."

"Ameita kwa wema wake. Mtu wa heshima anakataa. Anayekubali ndiye viavialevu."

"Nitakufunika mkeka. Tutakaa mlangoni kabisa, upande wa chini."

"Hapana."

"Hadi upepo upungue tu. Muda wa kukanda bakuli moja la yaqona."

"Ulamila." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyeletewa bei nzuri kwa kitu asichouza. "Nimeshaitwa hivyo mara moja. Nilikaa kule juu na jina hilo mwaka mzima, sina wa kusema naye. Sitaitwa tena. Maji yakija yatakuja, tulishakaa nayo."

Ulamila alijua kumkadiria mtu. Alijua nani atashuka bei na nani atafunga mzigo wake aondoke. Akaona hapa hapana biashara. Akatoka mbio, akaenda kwenye tuta la chifu kutafuta wanaume wa kumbeba kwa nguvu.

Nyumba ya chifu ilikuwa imejaa. Alisahau kuinama, alipita wima katikati ya wazee, matope mpaka mapajani.

"Njooni mumbebe. Hataki, mumbebe hivyo hivyo."

Jeremaia aliinuka nusu, kisha akamtazama Ropate. Wengine pia wakamtazama Ropate. Kumwingiza mtu kwa chifu hali mwenyewe amekataa, tena kwa maneno ya heshima kama yale, hakuna aliyejua linafanywaje. Ropate akasogea kwa magoti hadi kwa chifu, akamweleza sikioni, akaanza tangu mwanzo, na Isimeli alisema nini na kwa nini, kama inavyotakiwa. Mzee akasikiliza. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi aelezwe tena.

"Mnaniuliza nini?" Ratu Kiniviliame akasema hatimaye. "Nendeni."

Walipofungua mlango, kijiji hakikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia yanayotembea, yamebeba magogo na nguruwe wa mtu. Jeremaia na wanawe waliingia hivyo hivyo, wameshikana mikono, Ulamila nyuma yao mpaka walipomrudisha kwa nguvu.

Nyumba ilikuwa imesimama. Nguzo za vesi, hata zilivyokatwa, hazikusogea. Isimeli walimkuta ndani, pembeni, mkeka umemzunguka. Maji yaliacha mstari wa matope ukutani, usawa wa kifua cha mtu. Sekaia aliupima baadaye kwa kiganja, bila kuombwa na mtu, kisha akapima urefu wa vipande vya nguzo alivyokata. Hakumwambia Ulamila alichokipata, na Ulamila hakumwuliza, kwa kuwa alikuwa ameshapima kwa macho.

Isimeli alibebwa na watu wake. Walikuja wote, mpaka wa ukoo walioko Labasa na Taveuni, na mikeka yao na meno yao ya nyangumi na mapipa ya mafuta ya taa. Jeremaia alishika mbele. Loata alikaa na maiti tangu kuoshwa, akazungumza naye mchana kutwa, mambo ya utotoni, nani aliiba papai la nani, kwa sababu mwiko hauna nguvu kwa aliyekufa. Kanisa lilijaa hadi nje. Mchungaji alimsifu marehemu kwa unyenyekevu, akasema ni mtu aliyejua mahali pake, na watu wakaitikia.

Baada ya maziko Ropate aliingia kwa Ulamila na jino la nyangumi mikononi, akapiga magoti. Nyumba ilikuwa bado inanuka matope.

"Hili linatoka kwa Turaga. Anasema moyo wake ni mzito. Anasema nyumba yako uiinue, kiasi utakachotaka wewe."

Ndani palikuwa pamejaa. Watu walitaka kuona atafanya nini, na Ulamila alijua wanataka kuona. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa kama inavyotakiwa, akashukuru kwa maneno yote yanayotakiwa, kichwa chini, akapiga makofi. Hakukosea hata neno moja.

Ropate alipokuwa anatoka alimsogelea. "Ungelikataa ningekuelewa, mama."

"Ni zito kuliko langu," Ulamila alisema, akilipima mkononi.

Mzee alisubiri kama kuna nyongeza. Haikuwepo, naye hakujua amepewa shukrani au amepewa nini. Akainama, akaenda.

Siku mkusanyiko ulipokwisha na wageni wameondoka na mikeka waliyogawiwa, Sekaia alitokea na jeki zake kwenye mkokoteni. Alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya msiba, akafanana na mtu mwingine. Ulamila alikuwa ameketi mlangoni akichambua mizizi. Lori la Savusavu lilikuwa njiani, na wanaume wa milimani, kimbunga au si kimbunga, walikuwa wanataka pesa.

"Mtani," Sekaia alisema, "vipande nimevihifadhi. Naweza kuviunga kwa chuma. Bure. Tuinue, msimu wa vimbunga haujaisha."

"Ya nini?"

"Bahari itarudi, we mwanamke. Chifu amekupa ruhusa, watu wote wamesikia. Nani atakusema sasa?"

Ulamila aliukwaruza mzizi kwa kucha, akautazama rangi, akautupia kwenye fungu la minono.

"Rudisha jeki zako," akasema. "Mimi nina miguu miwili."